Miguu Minne Katika Ukumbi wa Mihadhara

Tarehe 28 Aprili 1977, Joseph Califano, Waziri wa Afya, Elimu na Ustawi wa Marekani, alitia saini kanuni za haki za watu wenye ulemavu ambazo zilikuwa zimepigwa danadana kwa zaidi ya miaka mitatu. Ndani yake, katika sehemu inayohusu vyuo, kulikuwa na kifungu kifupi. Kiliwakataza wakuu wa vyuo kuweka masharti yanayomzuia mwanafunzi mwenye ulemavu kushiriki masomo, na kikataja mifano miwili ya masharti ya aina hiyo: kupiga marufuku tepu rekoda darasani, na kupiga marufuku mbwa waongozaji ndani ya majengo ya chuo.

Mwanafunzi anayeingia leo katika chuo cha Marekani na mbwa wake msaidizi anapita katika mlango uliofunguliwa na kifungu hicho. Hakikuandikwa kwa huruma ya mtu. Kilipiganiwa na wasioona, na viziwi, na watu waliotembelea viti vya magurudumu, na karibu kila kanuni iliyokuja baadaye ina ugomvi wake na watu wake.

Mbwa wa kumwongoza asiyeona si jambo la jana. Mwaka 1819, Johann Wilhelm Klein, mwanzilishi wa taasisi ya wasioona mjini Vienna, aliandika kitabu kilichoeleza namna ya kumfundisha mbwa wa kazi hiyo. Lakini mafunzo rasmi yalizaliwa na vita. Vita Kuu ya Kwanza iliwarudisha nyumbani maelfu ya askari waliopofushwa na gesi ya sumu na vipande vya makombora. Mwezi Agosti 1916, daktari Mjerumani aitwaye Gerhard Stalling alifungua shule katika mji wa Oldenburg, ya kwanza duniani kufundisha mbwa kuwaongoza askari hao. Mwaka 1923 kituo kingine kikubwa kilifunguliwa Potsdam.

Huko Potsdam ndiko alikofika Dorothy Harrison Eustis, Mmarekani aliyekuwa akiishi Uswisi na kufuga mbwa wa aina ya jamani shepadi kwa ajili ya kazi za polisi na jeshi. Aliyoyaona yalimgusa. Aliandika makala iliyochapishwa katika jarida la Saturday Evening Post tarehe 5 Novemba 1927, akieleza jinsi askari asiyeona anavyotembea mjini peke yake, mkono wake ukiwa umeshika mpini wa mkanda aliofungwa mbwa.

Mjini Nashville, Tennessee, makala hiyo ilisomwa kwa sauti mbele ya kijana wa miaka 19 aitwaye Morris Frank. Jicho lake la kwanza lilipotea utotoni katika ajali ya farasi, la pili akiwa na miaka 16 katika mchezo wa ngumi. Alikuwa akijitafutia riziki kwa kuuza bima, na ili aweze kutembea ilimbidi amlipe mvulana wa kumshika mkono. Frank alimwandikia Eustis barua: afundishwe yeye na mbwa wake, naye akirudi atawafundisha wenzake wasioona wa Marekani.

Safari yake ya kwenda Uswisi mwaka 1928 inaeleza hali ya wasioona wa wakati huo kuliko hotuba yoyote. Kampuni ya usafirishaji ilimpokea kama kifurushi. Melini alifungiwa chumbani, akatolewa kwa saa maalumu kupunga hewa, kisha akarudishwa na kufungiwa tena. Aliporudi New York mwezi Juni mwaka huohuo alikuwa na mbwa jike aliyempa jina la Buddy, na waandishi wa habari walimsubiri bandarini. Mmoja wao akamtaka avuke barabara ya West Street, pana na yenye magari mengi kupita kiasi, kama kweli mbwa wake anaweza kazi. Frank akavuka. Simu ya maandishi aliyompelekea Eustis ilikuwa na neno moja tu: mafanikio.

Shule yao, The Seeing Eye, iliandikishwa Nashville tarehe 29 Januari 1929, na baada ya muda mfupi ikahamia New Jersey, iliko hadi leo. Frank aliwataka wanafunzi wa shule hiyo wawe wanunuzi, si waombaji: tangu miaka ya 1930 ada ya kumpata mbwa wa kwanza ni dola 150, sehemu ndogo mno ya gharama halisi, na haijapanda. Uingereza nayo ilikabidhi mbwa wake wanne wa kwanza mwaka 1931, mjini Wallasey.

Wengi hudhani mbwa ndiye anayejua njia. Sivyo. Anayejua njia ni binadamu. Yeye ndiye anayesema kulia, kushoto, mbele. Mbwa hasomi taa za barabarani wala hajui maktaba iko wapi mpaka njia hiyo imezoeleka. Kazi yake ni kukwepa vizuizi, kusimama kwenye ngazi na kingo za barabara, na kutafuta mlango au kiti. Lililo gumu zaidi katika mafunzo yake ni kukataa amri. Mwenyewe akisema twende na gari linakuja, mbwa hubaki palepale. Jozi hiyo ikishazoeana huwa kiungo kimoja, na kumtenga mbwa na mtu wake mlangoni ni sawa na kumwambia mwenye fimbo aiache nje kisha aingie mwenyewe.

Wenye milango waliligundua hilo polepole sana. Kwa miaka mingi Frank na Buddy waligombana na hoteli, mikahawa na makampuni ya reli yaliyotaka Buddy asafiri katika behewa la mizigo. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 reli zilianza kulegeza msimamo; majimbo nayo yakatunga sheria moja baada ya nyingine. Buddy alikufa mwaka 1938.

Mwaka 1966 hoja iliinuliwa ngazi nyingine. Jacobus tenBroek, profesa asiyeona wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley na mwanzilishi wa shirikisho la taifa la wasioona, alichapisha makala ya kisheria akidai kwamba watu wenye ulemavu wana haki ya kuishi duniani kama wengine: kutembea barabarani, kupanda basi, kuingia majengo ya umma, wawe na fimbo nyeupe au mbwa. Katika chuo hichohicho, miaka minne kabla, Ed Roberts alikuwa amepokelewa kama mwanafunzi. Polio ilikuwa imempooza kuanzia shingoni, na usiku alilala ndani ya mashine ya chuma iliyomsaidia kupumua. Mabweni hayakuweza kubeba uzito wa mashine hiyo, kwa hiyo akapewa chumba katika hospitali ya chuo. Wenzake wenye ulemavu walimfuata, na kutoka katika chumba hicho likaanza vuguvugu la kudai maisha ya kujitegemea.

Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Urekebishaji mwaka 1973. Kifungu chake cha 504 kilisema kwa ufupi kwamba hakuna mtu atakayebaguliwa kwa sababu ya ulemavu katika shughuli inayopokea fedha za serikali kuu. Karibu kila chuo kikuu nchini humo hupokea fedha hizo, kwa mikopo ya wanafunzi au kwa utafiti. Lakini sheria bila kanuni za utekelezaji haikuwa na meno, na serikali iliendelea kuziahirisha.

Tarehe 5 Aprili 1977 watu wenye ulemavu waliingia katika ofisi za Wizara ya Afya, Elimu na Ustawi katika miji kadhaa. Kwingineko waliondoka baada ya siku chache. San Francisco hawakuondoka. Zaidi ya watu 100, wakiongozwa na Judith Heumann, Kitty Cone na wenzao, walilala sakafuni kwa zaidi ya wiki tatu, wengine bila dawa zao, bila vitanda maalumu, bila wasaidizi wa kuwageuza usiku. Simu zilipokatwa, viziwi waliwasiliana na waliokuwa nje kwa lugha ya alama kupitia madirishani. Chama cha Black Panther kiliwaletea chakula cha moto kila siku. Mwanachama wao, Brad Lomax, aliyekuwa akitumia kiti cha magurudumu, alikuwa miongoni mwa waliokalia jengo. Califano alipotia saini kanuni zile, mbwa mwongozaji aliingia chuoni kwa idhini ya taifa.

Kanuni ya 1977 ilimwona mbwa wa asiyeona tu. Lakini wakati huohuo kazi za mbwa zilikuwa zikipanuka. Mwaka 1975, huko Santa Rosa, California, Bonnie Bergin alianzisha shirika la Canine Companions na kufundisha mbwa kuwasaidia watu wenye viti vya magurudumu: kuokota kalamu iliyoanguka, kuwasha taa, kuvuta mlango. Wengine wakafundishwa kumgusa kiziwi king'ora cha moto kinapolia. Baadaye wakaja mbwa wa watu wenye kifafa, wanaomlinda mtu anapoanguka au kwenda kuita msaada. Baada ya vita vya Iraq na Afghanistan, askari wengi walirudi na majeraha ya akili na kujiunga na vyuo kwa ufadhili wa serikali, baadhi yao wakiwa na mbwa waliofundishwa kuwaamsha katika jinamizi au kuwatuliza wanapopatwa na mshtuko.

Sheria kubwa ya Wamarekani wenye Ulemavu, iliyotiwa saini na Rais George H. W. Bush tarehe 26 Julai 1990, ilifungua mlango kwa mbwa hao wote. Kanuni zake za mwanzo zilimhesabu kuwa mnyama msaidizi mbwa yeyote, au mnyama mwingine, aliyefundishwa kazi kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu. Maneno hayo, "mnyama mwingine", yalizua mjadala wa miaka 20. Kulikuwa na tumbili wadogo aina ya kapuchini waliofundishwa Boston kuwalisha watu waliopooza. Kulikuwa pia na watu waliofika madukani na nyoka, kasuku na mijusi wakidai haki ileile.

Mwaka 2010 Wizara ya Sheria iliandika upya kanuni hizo, nazo zikaanza kutumika tarehe 15 Machi 2011. Mnyama msaidizi sasa ni mbwa peke yake. Nafasi ndogo iliachwa kwa farasi wa kimo kifupi, wenye urefu wa takriban sentimita 61 hadi 86 begani na uzito wa kilo 32 hadi 45, ikiwa jengo linaweza kuwapokea. Wapo wanaowachagua kwa sababu mbwa huwadhuru kwa mzio, au kwa sababu farasi huishi na kufanya kazi miaka mingi kuliko mbwa. Na kanuni zikaweka mpaka: mbwa lazima awe amefundishwa kazi mahususi inayohusiana na ulemavu. Mbwa ambaye uwepo wake tu humfariji mtu hahesabiwi.

Basi mlinzi au mhadhiri atamtambuaje mbwa wa kweli? Jibu la sheria linawashangaza wengi wanaotoka katika nchi za mihuri na vibali. Kama kazi ya mbwa haionekani wazi, maswali yanayoruhusiwa ni mawili: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Na, amefundishwa kufanya kazi gani? Basi. Hakuna kudai cheti, hakuna kuuliza ugonjwa, hakuna kumtaka mbwa aonyeshe anachojua. Mbwa halazimiki hata kuvaa fulana ya utambulisho. Chuo kinaweza kuwa na daftari la kuandikisha mbwa kwa hiari, kwa mfano ili zimamoto wajue wako bweni gani, lakini hakiwezi kulifanya sharti. Hakiwezi pia kutoza ada ya mbwa, ingawa mwanafunzi hulipa akiharibu kitu kama wanafunzi wengine wanavyolipa.

Wapo wanaosema utaratibu huo unawapa waongo mwanya, na ni kweli kwamba fulana na vyeti visivyo na maana huuzwa kwenye intaneti. Lakini kanuni haikumwacha mwalimu mikono mitupu. Mbwa anayebweka ovyo, anayemrukia mtu au anayejisaidia ukumbini anaweza kutolewa, na mwenyewe akabaki kuendelea na masomo. Chanjo zinazotakiwa na mji lazima ziwepo. Kipimo kimewekwa kwenye tabia ya mbwa, ili mgonjwa asilazimike kufungua faili lake la hospitali kila anapoingia maktaba.

Ugomvi mkali zaidi wa miaka ya karibuni ulitokea mabwenini, na haukuwahusu mbwa wasaidizi bali wanyama wa faraja. Katika Chuo Kikuu cha Nebraska, tawi la Kearney, mwanafunzi mmoja aliyekuwa akitibiwa msongo na wasiwasi aliomba kuishi na mbwa mdogo wa chini ya kilo 2 katika nyumba za chuo. Alikataliwa. Wizara ya Sheria ilikishtaki chuo kwa kutumia sheria nyingine kabisa, ile ya haki ya makazi ya 1968, ambayo tangu 1988 inawalinda pia watu wenye ulemavu. Chuo kilijitetea kwamba nyumba za wanafunzi ni malazi ya muda tu, si makazi. Mwezi Aprili 2013 mahakama ya shirikisho ilikataa utetezi huo: mwanafunzi anakula hapo, analala hapo, anarudi hapo, hapo ndipo kwake. Mwaka 2015 chuo kilikubali kuwalipa wanafunzi wawili dola 140,000 na kubadilisha sera yake.

Tangu hapo vyuo vinatofautisha mambo mawili. Mbwa msaidizi huenda kila mahali mwanafunzi anapoweza kwenda: darasani, mkahawani, maktaba, uwanjani. Mnyama wa faraja, anayeweza kuwa paka au sungura, anaishi chumbani kwa mwanafunzi na kwa kawaida haendi darasani. Kwa huyo chuo kinaweza kuomba barua ya daktari au mshauri. Wanafunzi wengi na hata watumishi bado wanachanganya hayo mawili, na gharama ya kuchanganya huko humwangukia asiyeona anayesimamishwa mlangoni kwa sababu ya mbwa wa mtu mwingine.

Mahakama ya Juu nayo iliwahi kuliangalia suala hili, kwa kisa cha shule ya msingi huko Michigan iliyomkataza mtoto mwenye ulemavu wa viungo kuja na mbwa wake aitwaye Wonder. Shule ilidai mtoto ana mtu mzima wa kumsaidia, mbwa wa nini? Tarehe 22 Februari 2017, katika kesi ya familia ya Fry, majaji wote wanane walikubaliana na familia kwamba hukumu iliyowazuia kushtaki itenguliwe. Jaji Elena Kagan aliandika njia ya kupima: je, malalamiko haya yangeweza kutolewa dhidi ya maktaba ya umma, au na mtu mzima aliyefika shuleni hapo? Kama ndiyo, basi huenda kilichogombaniwa ni ubaguzi, wala si mtaala.

Haki hiyo ina mipaka. Mwaka 1979, katika kesi ya kwanza ya kifungu cha 504 kufika Mahakama ya Juu, majaji walisema chuo kimoja cha North Carolina hakikulazimika kumpokea mwanafunzi mwenye matatizo ya kusikia katika mafunzo ya uuguzi kama kungehitaji kubadilisha kiini cha mafunzo hayo. Mstari huo unaonekana hadi leo. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa iliipa ushindi hospitali ya Hurley ya mjini Flint, Michigan, iliyomzuia mwanafunzi wa uuguzi kuzunguka wodini na mbwa wake baada ya mfanyakazi na mgonjwa kupata mzio. Maabara za kemia na vyumba vya upasuaji huamuliwa kimoja kimoja, kwa hatari halisi iliyopo.

Lakini darasani, mzio wa jirani au woga wake si sababu ya kumfukuza mbwa. Mwongozo wa serikali unataka wote wawili wahudumiwe: wakalishwe pembe tofauti za ukumbi, au wapangiwe vyumba tofauti.

Msomaji Mwislamu atakuwa na swali jingine. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mjini Leicester, Uingereza, mwaka 2008, kijana Mwislamu asiyeona alitaka kusali msikitini, na mwongozaji wake alikuwa mbwa. Baraza la sheria ya Kiislamu nchini humo lilitoa fatwa ya kumruhusu, na msikiti ukamtengea mbwa mahali pa kusubiri karibu na mlango, nje ya ukumbi wa sala. Kijana akaswali. Mwanafunzi Mwislamu anayepangiwa chumba na mwenye mbwa naye anaweza kuomba abadilishiwe chumba mapema, bila ugomvi na bila kumvunjia mwenzake heshima.

Kwa anayejiandaa kutoka Afrika Mashariki kwenda kusoma huko na mbwa msaidizi, kikwazo cha kwanza kipo uwanja wa ndege. Tangu tarehe 1 Agosti 2024 mbwa anayeingia Marekani lazima awe ametimiza miezi 6, awe na chipu ya utambulisho na fomu maalumu. Na kwa kuwa Tanzania, Kenya na Uganda zimo katika orodha ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, vipimo na vyeti vya chanjo vya ziada vinahitajika. Maandalizi hayo huchukua miezi. Aandikie mapema ofisi ya chuo inayohudumia wanafunzi wenye ulemavu, hasa kuhusu chumba cha kulala.

Na kwa atakayeketi darasani karibu na mbwa huyo, ombi ni dogo. Asimpapase, asimwite, asimrushie chakula, hata akionekana mpole na hana kazi wakati ule. Mbwa akivurugwa, anayeumia ni mtu aliyemwamini. Amsalimie mwenye mbwa kwanza, na kama anadhani anahitaji msaada, amuulize yeye.